Bi mkubwa anatoka Unguja kwa boti anakuja Dodoma kwa SGR, pale Dar apandie wapi hasa?

Kijana wa Kwahani

Habari za usiku wakuu. Naomba msaada kwa wenyeji wa Dar, hasa nyie mnaopanda SGR mara kwa mara.

Niko Dodoma kikazi mwaka wa tatu sasa, mke wangu kajifungua wiki mbili zilizopita na mama yangu anataka kuja kumuona mjukuu. Bi mkubwa ana miaka 69, yuko Unguja, akili timamu kabisa ila magoti yanamsumbua. Ndege hataki hata kuisikia. Basi hawezi, kukaa saa nane tisa magoti yamekunjwa mpk Dodoma ni adhabu kwa mtu wa umri wake. Kwa hiyo tumekubaliana apande boti asubuhi pale Malindi, ashuke Dar, achukue SGR, ile treni mpya ya umeme, siku hiyohiyo, mimi nimpokee huku.

Shida iko hapo katikati. Mama mara ya mwisho kupanda treni ilikuwa 1986, alipandia Stesheni pale mjini akaenda Tabora kwa marehemu baba mdogo. Ukimuuliza anakwambia "stesheni mimi naijua mwanangu, iko karibu na bandari, natembea tu nafika". Shemeji yangu yuko Mbagala anasema hapana, treni za siku hizi zinaondokea Tazara. Dada yangu nae kaambiwa na jirani yake kwamba ni "Magufuli", mama akishuka kwenye boti achukue gari mpk Magufuli. Watu watatu, stesheni tatu, na kila mmoja anaapa yuko sahihi.

Mimi mwenyewe nimekuja Dodoma kwa basi siku zote, Dar napita tu, siwezi kubishana nao. Naomba mnisaidie ni ipi kati ya hizo tatu, na kutoka bandarini mpk hapo ni umbali gani kwa mtu mwenye magoti mabovu na begi moja, na nimuachie nafasi ya saa ngapi kati ya boti na treni. Atakuwa peke yake. Shemeji siku za kazi hatoki.

Natanguliza shukrani.

Suka wa Ilala

Mkuu kwanza hongera kwa mtoto.

Sasa nisikilize vizuri maana hii kitu naishi nayo kila siku, naendesha teksi ya kuita kwa simu, mjini na Kariakoo ndo kijiwe changu. Bi mkubwa yuko karibu na ukweli kuliko wote. SGR ya Dar ipo mjini palepale, jirani kabisa na ile stesheni ya zamani anayoijua yeye, wamepakana. Kilichobadilika ni jengo na mlango. Lile jengo jipya la vioo lenye pembepembe, wamelichora kwa mfano wa jiwe la Tanzanite, ndo la kwake. Huwezi kulikosa.

Dada yako nae hajakosea jina. Stesheni ile inaitwa Magufuli, na ya Dodoma inaitwa Samia. Ila mkuu nakuomba, tena nakuomba sana, bi mkubwa asije akamtamkia dereva yeyote neno "Magufuli" peke yake. Dar ukisema Magufuli bila kuongeza neno dereva anaelewa stendi ya mabasi ya Magufuli, ile ya Mbezi Luis barabara ya Morogoro. Ile ilifunguliwa 2021, watu wameshaizoea, na kutoka mjini mpk kule ni zaidi ya kilomita ishirini na foleni yake unaijua. Mwaka jana nilimpakia baba mmoja Mbezi analia. Alifika Ubungo asubuhi anatoka Tanga, akamwambia boda "nipeleke Magufuli kwenye treni", boda hakusikia treni, kasikia Magufuli. Yule mzee kashushwa stendi, anazunguka na tiketi yake mkononi anauliza platfomu ya SGR iko wapi, watu wanamuonyesha mabasi. Nilimkimbiza kadri nilivoweza, tumefika mjini treni imeshaondoka dakika ishirini nyuma. Alikuwa anawahi mazishi Dodoma. Sikuchukua hela yake.

Kwa hiyo mwambie bi mkubwa maneno matatu tu: "SGR, Stesheni, mjini". Mwandikie kwenye karatasi, au ayaweke kwenye simu amuonyeshe dereva.

Mzee wa Mataruma

Suka umesema vema. Niongezee maana nimefanya kazi reli tangu 1981 mpaka kustaafu, na hili la stesheni tatu linawasumbua watu wengi wanaokuja Dar, wala si ushamba.

Dar ina reli tatu, na kila moja ina upana wake. Ya kwanza ni reli ya kati, Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, 1907 ikawa Morogoro, 1912 Tabora, 1914 ikagusa ziwa pale Kigoma. Hii upana wake ni mita moja kamili, milimita 1000. Hiyo ndiyo iliyompeleka mama yako Tabora mwaka 1986. Ya pili ni Tazara, Wachina walituwekea kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, upana wake milimita 1067 ili ifanane na reli za kusini mwa Afrika. Ya tatu ndiyo hii SGR ya umeme, milimita 1435. Gurudumu la moja halikai kwenye reli ya mwenzake. Hata hizo mbili za zamani, tofauti yao haifiki sentimita saba, lakini zinapokutana pale Kidatu mzigo lazima ushushwe behewa hili upakiwe behewa lile. Nimesimama pale Kidatu nikaona kreni inainua kontena kutoka upande mmoja wa platfomu kwenda upande wa pili, hatua chache tu, na kazi hiyo inakula siku.

Kwa sababu hiyo stesheni nazo ni mbalimbali. Tazara iko njia ya uwanja wa ndege, pale Nyerere inapokata Mandela penye flaiova ya Mfugale. Kutoka hapo kuna treni za Mbeya na Zambia, Dodoma haipo njia hiyo. Shemeji yako wa Mbagala amechanganya hapo, umrekebishe taratibu asije akampeleka mama kule.

Lakini kijana kuna tego moja ambalo Suka hakuligusa. Mama akifika mjini, mguu wake utampeleka kwenye mlango wa stesheni ya zamani, kwa sababu ndio anaoujua. Na akiulizia "treni ya Dodoma" hapo, hatakuwa ameuliza kosa, kwani treni ya bara ya reli ya zamani inayokwenda Tabora, Kigoma na Mwanza nayo inapita Dodoma. Atapewa jibu sahihi la treni isiyo yake. Tena huko Dodoma inasimama stesheni ya zamani katikati ya mji, wewe unamsubiri SGR. Kwa hiyo asiulizie Dodoma, aulizie SGR. Neno SGR litangulie kila mahali.

Bi Shuu wa Mlandege

Mwanangu Kijana wa Kwahani, hongera, Mungu akukuzie huyo mtoto. Mimi mwenzio ni Mzanzibari, mwanangu wa kike kaolewa Morogoro na njia hiyo ya boti kisha SGR nimeipita mara tano sasa, mara mbili nikiwa na mama mkwe wangu mwenye miaka 80.

Skiza nikwambie. Boti ya saa moja asubuhi bahari ikiwa shwari inafika Dar kwenye saa tatu. Lakini kushuka si kufika. Pale gatini watu wanasukumana, mizigo inatoka kwa zamu, wachukuzi wanakurukia kabla mguu haujagusa chini. Mwambie mama yako asinyanyuke kitini mpaka wenye haraka wameshuka wote. Dakika ishirini za kukaa zinamuokoa magoti. Begi alishike mwenyewe au amkabidhi mchukuzi mmoja tu mwenye sare, wakubaliane bei kabla.

Akitoka nje ya geti yupo Sokoine Drive, kanisa la Mtakatifu Joseph liko hapo mbele yake. Ashike barabara hiyohiyo upande wa kushoto, bahari inabaki mkono wa kushoto nayo, anapita Boma la Kale, anapita City Council, stesheni iko mbele. Haifiki mbali, mimi natembea kwa robo saa na mzigo mwepesi. Lakini mama mkwe sikumtembeza! Jua la Dar saa nne si la kuchezea na njia ya miguu pale imejaa vibanda na magari yaliyoegeshwa. Mchukulie gari.

Na kipindi cha kusi usiamini boti kufika kwa saa. Bahari ikichafuka safari inakuwa ndefu, au boti inasogezwa. Nakushauri mkatie treni ya alasiri au ya jioni, asubuhi usithubutu.

Jobless Engineer

Mi naona mnamtisha mwenzenu bure. Kutoka boti mpk SGR ni kilomita moja, haizidi sana. Nimetembea mara kibao. Anashuka, ananyoosha Sokoine, kafika. Gari ya nini, apoteze hela kwenye foleni ya mjini?

Bi Shuu wa Mlandege

Mwanangu wewe una magoti yako. Huyu bibi hana. Kilomita moja kwa mtu wa miaka 69 aliyetoka kutikiswa baharini ni safari nyingine kamili, na akifika stesheni bado kuna mstari wa ukaguzi, anavua mkoba, anaweka begi kwenye mashine, anasimama. Nguvu azitunze kwa hapo.

Jobless Engineer

Hapo kwenye ukaguzi umenishinda bi mkubwa, nilisahau. Nakubali, achukue gari.

Kijana wa Kwahani

Jamani asanteni sana, sikutegemea majibu haraka hivi. Nimempigia mama usiku huuhuu nikamsomea ya Mzee wa Mataruma, kacheka, anasema kweli kabisa angeingia mlango wa zamani maana ndo uko kichwani kwake.

Sasa swali la tiketi. Nataka nimkatie mimi nikiwa huku kwenye simu. Je, wanakubali mtu kumkatia mwingine? Na akifika ataonyesha nini, maana simu yake ni ya kitochi. Na kuna huyu Mchongoko, tofauti yake na treni ya kawaida ni nini kwa mtu kama yeye?

Abiria wa Ijumaa

Hilo niachieni mimi. Nafanya kazi Dodoma familia iko Dar, kila Ijumaa nateremka na Jumapili napanda, tangu treni ya Dodoma ianze mwezi wa saba 2024. Kabla ya hapo nilikuwa nalala kwenye mabasi, watoto wangu walinizoea kama mgeni, kwa hiyo hii reli naiongelea kwa mapenzi mtanisamehe.

Kumkatia inawezekana, unaingia kwenye tovuti ya tiketi unajaza jina lake na namba ya kitambulisho CHAKE, sio chako, hapo wengi ndo wanakosea. Namba ya NIDA ya mama iwe karibu. Unapata kontrol namba, unalipia kwa simu, tiketi inakuja. Kwa vile simu yake ni kitochi, iprinti hapo Dodoma stationery yoyote umtumie mtu Unguja kwa picha nae aiprinti, karatasi ina ile alama ya kuskani na wanaiskani getini kama kawaida. Kitambulisho chenyewe awe nacho mkononi, sio chini ya begi.

Halafu SAA. Hapa naomba usome mara mbili. Tiketi inaandika saa za kizungu. Nimeona kwa macho yangu mama mmoja kaja na tiketi ya 06:00, yeye kasoma saa sita, kaja saa tano asubuhi amependeza na watoto wawili, treni yake iliondoka alfajiri saa kumi na mbili. Alikaa chini palepale kwenye ngazi. Kwa hiyo ukishamkatia usimsomee namba ya kwenye karatasi, mwambie kwa Kiswahili: mama treni yako ni saa kumi na robo alasiri, na juu ya karatasi andika hivohivo kwa kalamu, herufi kubwa.

Kuhusu Mchongoko, huo ndo ule wenye pua ndefu umechongoka mbele na nyuma, ulianza Novemba 2024. Ile nyingine ni mabehewa yanayovutwa na kichwa cha umeme. Zote zinapita reli ileile. Utakuta kuna treni ya haraka isiyosimama vituo vingi na kuna ya kawaida inayosimama Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro na kuendelea. Nauli ya kawaida Dar mpk Dodoma ilipoanza ilikuwa 31,000, ya haraka iko juu yake. Kwa mama mwenye magoti mi ningelipia ya haraka, saa tatu na nusu hivi yuko Dodoma. Chagua kiti cha pembeni mwa njia ili anyooshe mguu, ingawa dirishani ndo kuna raha.

Akiingia tu jengoni asipande ngazi. Kuna lifti na kuna ngazi za umeme, ila wazee wengi zile ngazi za umeme zinawatisha, namuona mtu anasimama mbele yake anahesabu. Amwambie mhudumu yeyote mwenye sare "mwanangu nina matatizo ya miguu", watampeleka kwenye lifti. Mama yangu mzazi waliwahi kumletea kiti cha magurudumu wakamsukuma mpk mlangoni mwa behewa, hatukuomba.

Afike saa mbili kabla. Akikaa sehemu ya kusubiria kuna viti vya kutosha na vyoo visafi, hakuna atakachopoteza.

Mnyaki wa Uyole

Samahani kudandia uzi wa mwenzangu. Mimi natokea Mbeya na Tazara, nataka kuunganisha SGR kwenda Moro. Natoka vipi Tazara?

Suka wa Ilala

Mnyaki, Tazara mpk SGR mjini hakuna treni ya kukuunganisha, unashuka unatafuta daladala za Nyerere Road zinazoelekea mjini au Kariakoo, ukishukia Kariakoo unasogea Gerezani na stesheni iko karibu. Mwendokasi nayo inaishia Gerezani, kwa wale wanaotokea Kimara na Ubungo hiyo ndo njia rahisi.

Ila kwa wewe nakupa siri. Kama treni yako ya Moro ni ya kawaida inayosimama Pugu, usiende mjini kabisa. Pugu iko upande wa pili wa uwanja wa ndege, unaikwepa foleni yote ya mjini. Tiketi ukate ya kutokea Pugu.

Mzee wa Mataruma

Na usipange treni hizo mbili siku moja Mnyaki. Tazara ni reli moja ndefu ya njia moja, treni zinapishana stesheni kwa stesheni, ikichelewa moja Makambako inachelewesha wenzake mpaka Dar. Lala Dar usiku mmoja.

Kijana, mimi nina ombi kwako. Kama mama atakuwa na muda, gari impitishe polepole mbele ya stesheni ya zamani. Tulioajiriwa baada ya jumuiya kuvunjika 1977 tulifundishwa kazi na wazee waliokuwa Afrika Mashariki Railways, na mlango ule tumepitisha watu wenye magodoro, kuku, watoto wanaokwenda shule bwenini Tabora. Mwaka 1986 nilikuwa zamu hapo. Huenda nilimkatia tiketi.

Suka wa Ilala

Kijana wa Kwahani nimekuachia ujumbe inbox. Nipe siku na boti, bi mkubwa nitampokea mimi mwenyewe getini. Bei tutaongea ila sio ya kukuumiza.

Kijana wa Kwahani

Wakuu nimerudi. Mama kafika! Samahani kwa kukaa kimya wiki mbili, mtoto alikuwa na mafua na nyumba ilikuwa juu chini.

Niwape mrejesho maana mmenisaidia sana na kuna mwingine atakuja kusoma hapa baadae.

Boti ilichelewa. Bi Shuu Mungu akulipe, ulichosema ndo kilichotokea, bahari ilikuwa mbaya, boti ya saa moja ikaingia Dar saa nne kasoro, na mama alitapika njia nzima. Ningemkatia treni ya asubuhi angeikosa na angekaa Dar peke yake anaumwa. Kwa kuwa treni ilikuwa ya alasiri alipata muda wa kutosha. Alikaa kitini mpk boti ikabaki tupu kama ulivoelekeza, baharia mmoja akamshika mkono akamshusha.

Suka wa Ilala alikuwa getini kashika karatasi ameandika BI MKUBWA WA KWAHANI. Mama anasema alipoiona ile karatasi kichefuchefu kiliisha hapohapo. Akampeleka kwanza kunywa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, halafu wakapita Sokoine taratibu.

Mzee wa Mataruma, alisimamisha gari mbele ya stesheni ya zamani kama ulivoomba. Mama hakushuka, magoti yalikuwa yamechoka, ila alifungua kioo. Suka anasema alikaa kimya muda mrefu, watu wanapiga honi nyuma na yeye hakuondoka. Mama mwenyewe kaniambia juzi usiku akiwa amempakata mtoto, kwamba siku ile ya 1986 alikuwa na mimba ya dada yangu, treni ilikuwa imejaa, na kuna kijana wa reli mwenye sare alimtoa mtu kwenye kiti cha dirishani akamkalisha yeye, akamletea na maji kwenye kikombe cha bati. Jina hakumuuliza. Anasema kama ni wewe, amekusalimu sana, na huyo mtoto wa tumboni sasa ana watoto wanne.

SGR hakupata taabu. Lifti, kiti, ukaguzi, vyote vilienda. Karatasi niliandika kwa kalamu nyekundu SAA KUMI NA ROBO ALASIRI, akaingia ndani saa nane, akaswali, akakaa. Treni ikaondoka kwa dakika yake. Alichoshangaa sana ni lile daraja refu, treni inatoka mjini iko juu ya mabati ya watu, hakuna kusimama kupisha magari, na ndani chai aliyoweka mezani haikutikisika. Kwenye mahandaki ya Kilosa giza lilipoingia ghafla alimshika mkono binti aliyekaa pembeni yake, hawajuani, wakashikana mpk mwanga uliporudi. Huyo binti ndo alimshusha begi Dodoma.

Mimi nilimsubiri SGR upande wa Mkonze toka saa kumi na mbili jioni, na kwa kweli nilifika mapema mno, sikuweza kukaa nyumbani. Niliona taa za Mchongoko zinakuja kwa mbali. Mama akatoka anachechemea, kanga kajitanda vizuri, mkononi kafuko cha halua. Hata salamu hakusubiri, kauliza "mtoto keshanyonya?"

Anarudi tarehe 20 mwezi ujao. Tiketi nimeshamkatia, safari hii kaniambia hataki cha pembeni mwa njia, anataka dirishani, magoti yatajijua. Suka jiandae.

Mzee wa Mataruma

Vikombe vya bati tulikuwa navyo. Vilikuwa vya bluu, pembeni vimeandikwa kwa rangi nyeupe. Msalimie sana mama. Tarehe 20 treni yake inaingia Dar saa ngapi kwa Kiswahili?